Vikombe vya Wageni

Ukifika nyumbani kwa watu huku Uru mlimani na ukataka kujua wamekuweka daraja gani, usisikilize maneno. Maneno huku ni matamu kwa kila mtu, hata kwa yule anayekuja kukatia watu umeme. Tazama kikombe. Ukiletewa chai kwenye plastiki iliyopauka, basi wewe ni ndugu, au jirani aliyekuja kuazima jembe. Ukiona mama mwenye nyumba anajifuta mikono, anavuta stuli na kufungua kabati la vioo, jua umeshakuwa mgeni. Kaa sawasawa na usije ukavunja.

Kabati la Dominika lilikuwa sebuleni, mkabala na mlango, ili anayeingia alione kabla hajaiona hata picha ya Moyo Mtakatifu. Ndani yake kulikuwa na birika, kibakuli cha sukari, kijagi cha maziwa na vikombe sita na visahani vyake, vyeupe, vyenye maua madogo ya bluu na ukingo wa dhahabu. Kila Jumamosi alivishusha, akavipangusa kimoja kimoja, akavirudisha kila kimoja juu ya kitambaa chake cha kufuma. Yeye mwenyewe, kwa miaka yake sitini na mitano, hakuwahi kunywa chai kwenye hata kimoja. Alikunywa kwenye kikombe kidogo cha plastiki cha kijani, chenye alama za meno ya mtoto pembeni, kilichoning'inia kwenye msumari wa jikoni.

Waliowahi kunywea vikombe vya dhahabu walihesabika. Paroko alipokuja kubariki nyumba. Washenga. Mwenyekiti mmoja wa ushirika wa kahawa, ambaye alijitilia sukari vijiko vitano bila aibu. Jirani yake Veronika, aliyepanda naye migomba, akamzalishia ng'ombe na kumwombolezea mume, hakuwahi.

"Siku ukifa," Veronika alizoea kumwambia, "hao wa dhahabu ndio waje wakuoshe."

Isidhaniwe kwamba Dominika alikuwa mchoyo. Kukitokea msiba huku, wanawake wote hupeleka vyombo, na chini ya kila sahani huwa kuna alama ya rangi ya kucha ili kila mmoja arudi na zake baada ya kuosha. Alama ya Dominika ilikuwa msalaba mwekundu, na hapakuwa na msiba kuanzia kanisani hadi mtoni ambao msalaba ule haukuonekana. Masufuria yake yalikuwa yamepikia nusu ya marehemu wa kijiji. Ila vikombe vya kabatini havikuwa na alama yoyote chini, kwa sababu havikuwahi kutoka nje ya mlango ule.

Na sababu yake ilikuwapo.

Mumewe, Ildefonce, alifariki mwaka tisini na tatu, kwa homa ya siku nne, akimwacha na binti wa miaka mitatu aitwaye Evelyn. Matanga yalipokwisha, wakwe walikaa kikao. Dominika akawapelekea chai kwenye vyombo alivyokuwa navyo: vikombe viwili vya plastiki, bilauri yenye ufa, na kopo la majarini alilolisugua kwa majivu likang'aa. Kopo lilimfikia shemeji mkubwa. Akaligeuzageuza mkononi, akasema kwa sauti ya huruma kabisa kwamba hapa hakuna nyumba tena, na ingefaa mjane arudi kwao Old Moshi, mtoto apelekwe kwa shangazi, na kihamba, yaani shamba la nyumbani, kiangaliwe na wenye ukoo.

Dominika hakurudi Old Moshi. Alianza kubeba ndizi kichwani hadi sokoni mjini, na njia yake ya kurudi ilipita mbele ya duka moja lililokuwa na seti ile dirishani. Aliitazama kwa miaka miwili na zaidi. Siku aliyoinunua, alipanda nayo mlima kwa miguu, boksi kichwani, akakataa kulishusha hata kupumzika. Kisha akamwalika shemeji. Shemeji akanywa, akalitazama birika, akautazama ukingo wa dhahabu, akasifia mvua za mwaka ule na kuaga. Habari za kihamba hakuzigusa tena mpaka anaingia kaburini.

Ndiyo maana ninasema vikombe vile havikuwa vya kunywea. Vilikuwa ua wa kuzungushia nyumba. Kila aliyenyweshwa humo alikuwa anaambiwa kwa adabu: umefika hapa, usipite. Watu wengi walidhani wanaheshimiwa, na kweli waliheshimiwa, lakini mtu huheshimu hata mbwa wa jirani asije akamng'ata.

Kulikuwa na kikombe kingine, na hicho hakikukaa kabatini.

Kilikuwa cha bati, cheupe, chenye mdomo wa bluu. Ildefonce alikwenda nacho kila siku kwenye kiwanda cha kukobolea kahawa alikokuwa akifanya kazi mjini. Kwa kuwa pale vikombe vilifanana na kuchanganyika, alikwaruza jina lake chini kwa msumari: ILDE. Nafasi ikamwishia, akaacha hapo. Siku ya kile kikao cha wakwe, Dominika alikuwa tayari ameshakiviringisha kwenye kanga na kukilaza chini kabisa ya sanduku lake. Hakutaka mtu atie mdomo pale. Tangu siku hiyo hakikuona jua, na Evelyn alikua bila kujua kama kipo.

Evelyn hakuwa na kitu cha baba yake. Nguo waligawana ndugu, na picha ya harusi ililiwa na unyevu, uso wa bwana harusi ukabaki doa la kahawia. Alipokuwa mdogo alikuwa na maswali yanayochoma. Baba alikuwa na sauti gani? Alipocheka alifunga macho? Dominika alijibu kadiri alivyoweza, lakini utamwelezaje mtoto sauti? Mtoto akaacha kuuliza. Akasoma, akashinda, akapata kazi ya bima Dar es Salaam.

Sasa miaka mitano iliyopita, mwezi wa saba, baridi ya huku ikiwa kali, Evelyn alipanda mlima na mchumba wake. Jina lake Ronald, mtu wa Tukuyu, mrefu, mpole, na koti lake lilikuwa jepesi mno kwa mlima huu. Wakati Evelyn anakimbilia ndani kumkumbatia mama yake, Ronald alibaki nje. Dominika alipochungulia akamwona ameinama kwenye ua wa masale mpakani, anamnasua ndama aliyejizungushia kamba shingoni. Alimfungua taratibu huku akimsemesha, akamfunga upya mbali na ua, akajifuta mikono kwenye suruali yake nzuri, ndipo akaja kuamkia.

Ildefonce angefanya vivyo hivyo.

Akaingia ndani kutayarisha chai. Alisimama mbele ya kabati, mkono ukiwa kwenye kitasa, akaona hawezi. Huyu si mtu wa kuwekewa ua. Akaenda chumbani, akafungua sanduku, akatoa kile cha bati. Alikisuuza kwa maji moto mara mbili. Machozi yalikuwa karibu, akajikaza. Alikijaza chai ya maziwa, akakipeleka kwa mikono miwili, akamwekea mbele yake bila neno, akiwa amekusudia kusema baadaye, watakapokuwa wamekula na sauti yake imetulia.

Ronald alikunywa yote. Lakini Evelyn hakuona hayo. Aliona vikombe sita vya dhahabu vimetulia nyuma ya vioo, ambavyo yeye katika utoto wake wote alikatazwa hata kuvinyooshea kidole, na mbele ya mwanamume aliyemleta kwao, siku ya kwanza, likawekwa bati kuukuu lililobanduka rangi. Alikibeba kile kikombe kitupu, akamfuata mama yake jikoni, akafunga mlango.

"Mama, vyombo vyote vile, na wewe unampa cha kunyweshea ndama?"

Dominika akafungua kinywa. Alikuwa anatafuta pa kuanzia. Lakini kabla hajaanza, Evelyn akakivurumisha kile kikombe kupitia mlango wa nyuma hadi migombani. Kilisikika kikigonga jiwe, kikabiringika.

Hapo Dominika akabadili nia. Akisema sasa, binti yake atajua alichokitupa. Atakijua leo, na atakijua kila siku ya maisha yake. Basi akasema kingine, kwa ukali wa kuficha.

"Nyumba ni yangu. Nampa ninayemtaka ninachotaka."

Waliondoka mchana uleule. Gari lilipopotea kwenye kona, Dominika aliingia migombani, akatafuta kwa mikono katikati ya majani makavu mpaka akakipata kando ya mfereji. Kilikuwa kimebonyea ubavu na mkono wake umekatika. Alikiosha, akakiviringisha kwenye kanga ileile.

Kilichofuata kila mtu anakijua, maana jambo la namna hiyo huku halikai chini ya mto. Ikasemwa kwamba Dominika alimnywesha mkwe kwenye kikombe cha ndama kwa sababu si Mchaga. Hakukanusha. Harusi ilifungwa Dar es Salaam. Alikwenda, akakalishwa meza ya mbele, akapigwa picha, kesho yake akarudi. Mtoto wa kike alipozaliwa, aliyeitwa kumhudumia mzazi ni mama yake Ronald kutoka Tukuyu. Dominika alikuwa amekwisha kununua samli na kuiweka tayari. Ilikaa mpaka ikaharibika.

Na Desemba zikaja. Asiye wa mlima huu hawezi kuelewa Desemba ni kitu gani. Kila nyumba inapokea watu wake: magari yanapanda kwa msururu, mbuzi wanachinjwa, watoto wa mjini wanalia kuona ng'ombe. Mtu ambaye mtoto wake hakuja hukaa barazani akijifanya anachambua maharage. Dominika alichambua maharage Desemba tano. Jioni alikuwa akikishika kile kikombe cha kijani cha plastiki, chenye alama za meno ya Evelyn, akipitisha kidole gumba juu ya zile alama mpaka chai inapoa. Hamu ya kumwona mwanawe ilimshika mwili mzima, kama kiu. Alitamani hata ugomvi wake.

Mwezi wa kumi na moja mwaka huu, simu iliita. Evelyn alisalimia vizuri, kwa sauti ya ofisini, akauliza hali ya miguu na ya ng'ombe. Kisha akasema mtoto wake Esther aliambiwa shuleni achore nyumba ya bibi, akachora ya bibi wa Tukuyu, kwa kuwa nyingine haijui.

"Krismasi tutakuja, Mama. Siku mbili tu."

Dominika alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, na palepale palikuwa kwenye ndoo ya maji ya ng'ombe. Veronika aliposikia, alikuja na ushauri kabla hata hajabisha hodi. Safari hii, alisema, vya dhahabu vitoke vyote, birika na kila kitu, asirudie ujinga wa mwaka ule. Kwa mara ya kwanza Dominika hakumbishia. Alikuwa ameshakata shauri. Kile cha bati kitalala kwenye sanduku mpaka azikwe nacho, na kama mwanawe anaweza kurudishwa kwa ukingo wa dhahabu, basi atarudishwa kwa ukingo wa dhahabu. Ukweli ulikuwa na bei, na anayepaswa kuilipa si mtoto.

Walifika tarehe ishirini na nne, saa tisa alasiri. Esther alikuwa amelala kwa uchovu wa safari. Ronald alimbeba mpaka kwenye kochi, na Dominika akamtazama mjukuu wake kwa mara ya kwanza, akampapasa unyayo mmoja tu asimwamshe. Unyayo ulikuwa mpana, kama wa ukoo wa babu yake. Evelyn alisema shikamoo, akakumbatiana na mama yake kwa mkono mmoja, akaketi kwenye ukingo wa kiti na mkoba mapajani. Washenga ndivyo walivyoketi.

Mezani kila kitu kilikuwa tayari. Birika katikati, kijagi, kibakuli, vikombe vitatu juu ya visahani vyake juu ya vitambaa vilivyofuliwa na kunyooshwa. Mtori wa ndizi na nyama ulikuwa jikoni ukisubiri. Dominika alimimina chai kwa mkono uliotulia, kwanza cha Ronald, kisha akasogeza kingine mbele ya binti yake, dhahabu iking'aa.

Evelyn alikitazama. Hakukigusa. Alikitazama muda mrefu, uso ukimbadilika, mpaka akafanana kabisa na yule mtoto aliyekuwa akisimama mbele ya vioo mikono nyuma.

"Na mimi, Mama?" akasema. "Na mimi nimekuwa mgeni?"

Dominika hakuwa amelifikiria hilo. Mwezi mzima alipangusa, alifua, alinyoosha, na halikumpitia akilini. Alitaka kusema hapana, akatazama meza yake nzuri, akaona kwamba imeshasema ndiyo.

Ronald, kama watu wapole wafanyavyo, akajaribu kuwapoza kwa jambo dogo. Akamuuliza mama mkwe kama kile kikombe cha bati bado kipo. Chai yake siku ile ilikaa na moto mpaka mwisho, alisema, na babu yake kule Tukuyu alikuwa na kama kile, hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa. Alikuwa amemwambia Evelyn hivyo mara nyingi, lakini mkewe alidhani anaambiwa kwa ajili ya kubembelezwa.

"Hakipo," Dominika akasema haraka. "Kilipotea."

"Hakikupotea," Evelyn akasema bila kuinua macho. "Nilikitupa mimi."

Dominika alimtazama binti yake, aliyekaa kwenye ukingo wa kiti katika nyumba aliyozaliwa. Miaka mitano alimkinga na jambo moja, na kwa kumkinga akampoteza. Akaondoka mezani. Walisikia kifuniko cha sanduku kikigonga ukuta wa chumbani. Aliporudi alikuwa na kanga ya zamani mikononi. Aliifungua juu ya meza, kati ya vile vikombe, na kile cha bati kikatokea, kimebonyea, hakina mkono.

"Kilikuwa cha baba yako," akasema. "Nilimpa Ronald kwa sababu sikutaka awe mgeni."

Evelyn alikichukua taratibu. Akakigeuza, akaona yale maandishi ya msumari, herufi nne zilizopinda, na akapitisha kidole juu yake, moja baada ya nyingine, akizisoma kama mtu anayejifunza kusoma. Kidole kikateremka mpaka kwenye ubavu uliobonyea, kikasimama hapo. Dominika aliona kwamba binti yake amejua. Lile aliloliogopa miaka yote mitano lilikuwa limefika, limeketi mezani pamoja nao, na hakuwa na la kufanya ila kumngoja mwanawe.

Evelyn hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, akayaacha. Aliposema, lilikuwa swali, na Dominika alikuwa hajasikia swali la aina ile kutoka kwake tangu akiwa mtoto.

"Alikuwa anakishikaje?"

Hilo Dominika aliliweza. Sauti hakuweza kumweleza, wala kicheko, lakini hili aliliona kila alfajiri kwa miaka sita ya ndoa yake. Akamwambia kwamba baba yake hakuushika mkono wa kikombe hata siku moja, hata ulipokuwapo. Kwa ajili ya baridi ya huku, alikizungushia viganja vyote viwili, akakisogeza karibu na kidevu, na kabla ya kunywa alinyamaza kidogo, mvuke ukimpanda usoni. Akaenda jikoni kuchukua chai ya moto, kwa kuwa ile ya kwenye birika ilikuwa imeshapoa. Akamimina.

Evelyn akazungusha viganja vyake viwili pale vilipokuwa viganja vya baba yake, akakisogeza karibu na kidevu, akanyamaza kidogo.